Tone la Jichoni na Tone la Kinywani

Hakuna kiungo cha mwili kinachopewa dawa kwa haraka na kwa kubahatisha kama jicho. Kichwa kikiuma, mtu huvumilia; tumbo likisokota, husubiri kesho. Lakini jicho likiwasha na kuwa jekundu, saa ile ile mtu hutafuta kitu cha kulitia. Hapa Bunia atakwenda kwenye duka la dawa, au kwa jirani aliyebakiwa na kichupa nusu, au kwa bibi ajuaye majani, na kila mmoja atampa tone. Kweli matone ni mengi, na mengine ni mazuri sana. Lakini jicho kavu si ugonjwa mmoja, na yuko mgonjwa mdogo ambaye tone la kumwokoa halitiwi jichoni kamwe. Watu walitumia zaidi ya miaka mia kulitambua jambo hilo, na habari ya namna walivyolitambua ndiyo twataka kuisimulia.

Yafaa kwanza tueleze kioo cha jicho. Mbele ya mboni pana utando mwembamba, unene wake kama nusu milimita, angavu kama maji ya chemchemi. Ndani yake hamna mshipa wa damu hata mmoja; kama ingekuwamo, tungeona wekundu kila tutazamapo. Basi utando huo hupata hewa yake kwa njia ya machozi. Nayo machozi si maji matupu. Ukingo wa kope hutoa mafuta kidogo, tezi iliyo juu ya jicho hutoa maji ya chumvi, na ngozi nyeupe ya jicho hutoa ute. Kila tupepesapo, kope hupaka vitu hivyo vitatu juu ya kioo kama mwashi apakavyo chokaa. Mafuta yakipungua, maji hukauka upesi. Ute ukikosekana, maji hayashiki kabisa, huteleza kama umande juu ya jani la gimbi. Na pale palipokauka kioo huchubuka. Mchubuko huwa kidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Kovu likikaa katikati ya kioo, ni kama dirisha lililopakwa chokaa.

Dawa za macho ni za kale sana. Wasomaji wa Biblia wamkumbuka mzee Tobiti, aliyeangukiwa na mavi ya ndege machoni hata akapata madoa meupe. Kabla mwanawe Tobia hajamletea nyongo ya samaki, kama alivyofundishwa na Malaika Rafaeli, Tobiti alikwenda kwa waganga, nao kadiri walivyozidi kumpaka dawa zao ndivyo alivyozidi kupofuka. Hatuitaji habari hii ili mtu ajaribu nyongo nyumbani kwake! Twaitaja kwa sababu ya wale waganga: watu wa zamani walikwisha kujua kwamba dawa ya jicho yaweza kuzidisha ugonjwa. Katika maandishi ya Misri ya kale, ya miaka kama 1550 kabla ya Kristo, imo pia dawa ya macho itokanayo na ini la ng'ombe. Ini hilo msomaji aliweke akilini.

Tuanze na jicho kavu la watu wazima. Mwaka 1903 mganga Mjerumani, Otto Schirmer, alieleza namna rahisi ya kupima machozi: ukanda mwembamba wa karatasi inyonyayo maji hukunjwa ncha na kutundikwa kwenye kope la chini, kisha baada ya dakika 5 hupimwa maji yamefika wapi. Kipimo hicho hutumika hata leo. Mwaka 1933 mganga wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliandika juu ya wanawake ambao macho yao yalikauka pamoja na vinywa vyao, na wengi wao waliumwa viungo pia. Kwa hiyo ikaonekana kwamba jicho kavu mara nyingine ni alama tu ya ugonjwa ulioenea mwilini, yaani mwili wenyewe unazipiga vita tezi zake za machozi.

Katikati ya karne ya 20 yalianza kutengenezwa machozi ya kuundwa, kwa vitu vitokavyo katika nyuzi za mimea, vyenye kuteleza. Baadaye ikatumika asidi ya hayaluroni, ambayo imo katika miili yetu wenyewe na yajua sana kushika maji. Matone hayo hulowesha, hupunguza mikwaruzo, na kioo kikilowa vizuri chaweza kujiponya michubuko midogo. Lakini tezi iliyo mgonjwa hubaki mgonjwa, na mtu hutia tone mara nne, mara sita kwa siku, mwezi baada ya mwezi.

Tone lililofuata lilitoka mahali pasipodhaniwa. Karibu na mwaka 1970 watu wa kiwanda cha dawa cha Uswisi walipata katika udongo wa milima ya Norwe aina ya kuvu itoayo dawa iitwayo siklosporini. Kwanza ilitumiwa kwa watu waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae figo ya mwingine, kwa kuwa dawa hii hutuliza majeshi ya mwili. Katika miaka ya 1980 mganga wa mifugo huko Georgia, Marekani, bibi Renee Kaswan, aliitia machoni mwa mbwa wenye macho makavu, na mbwa wakaanza kutoa machozi tena. Watu walingoja zaidi: Marekani iliruhusu tone hilo kwa binadamu mwaka 2002. Hapo ndipo dawa ya jicho kavu ilipoanza kutuliza ile vita yenyewe ndani ya tezi.

Kuna na tone jingine, la kustaajabisha kwa urahisi wake. Damu ya mgonjwa hutolewa, huachwa igande, na yale maji ya rangi ya manjano yaliyobaki juu huchanganywa na maji ya chumvi na kurudishwa machoni mwake matone matone. Waganga wa Marekani walieleza jambo hilo mwaka 1984, na mwaka 1999 mganga Mjapani Kazuo Tsubota na wenzake wakaonyesha faida yake kwa vioo vilivyochubuka. Maji hayo ya damu yana vitu vingi vya kujenga ngozi ya kioo, na kimojawapo ni vitamini A. Lakini hutaka usafi mwingi na friji isiyozimika, na msomaji wa Bunia ajua habari za umeme wetu.

Matone hayo yote ni ya wale ambao machozi yao yamepungua kwa uzee, kwa ugonjwa wa viungo, kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, au kwa vumbi la kiangazi kwa waendesha pikipiki. Hao wafaa kwenda kwa mganga wa macho, wapimwe, wapewe lililo lao. Sasa tumgeukie yule mgonjwa mdogo.

Mwaka 1816, mjini Paris, mganga François Magendie aliwalisha mbwa sukari na maji matupu. Baada ya majuma machache mbwa walikonda, vioo vya macho yao vikapata vidonda vikatoboka, kisha wakafa. (Ajabu ni kwamba katika habari hii ya macho twawakuta mbwa mara mbili: wale waliofundisha ugonjwa na wale waliofundisha dawa.) David Livingstone, ambaye kabla ya kuwa msafiri alikuwa mganga, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba watu waliofuatana naye, walipokosa vyakula vingine wakala muhogo na unga na kunywa kahawa tu, macho yao yaliharibika kama ya wanyama waliolishwa wanga mtupu. Haya yalitokea katika Afrika yetu, kwa watu wenye shibe. Muhogo huondoa njaa. Kioo cha jicho haukijui.

Aliyeonyesha jambo hili wazi kuliko wote ni mganga wa watoto wa Copenhagen, Carl Bloch. Nchi ya Denmark ina ng'ombe wengi, na maziwa yake ni sifa yake. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima waliiuza siagi yao Uingereza kwa bei nzuri. Maziwa yaliyoondolewa mafuta yakawa ya nguruwe na ya watoto wa maskini, na badala ya siagi maskini wakala majarini ya bei ndogo, ambayo wakati ule haikuwa na vitamini. Bloch akaletewa watoto wengi wenye macho makavu, vioo vikiwa vimefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, vingine vimeyeyuka. Katika nyumba moja ya kulelea watoto aliona kwamba upande mmoja watoto waliugua na upande wa pili hawakuugua, na tofauti ilikuwa katika maziwa yao. Aliwanywesha mafuta ya ini la samaki na maziwa yasiyoondolewa kitu, na macho ambayo hayajaoza yakapona kwa siku chache.

Kisha yakatokea mambo ambayo hakuna mganga angeweza kuyapanga. Ilikuwa vita kuu ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1917 njia za bahari zilizuiliwa na nyambizi za Wajerumani, siagi ikabaki Denmark, serikali ikaigawa kwa kipimo na kwa bei ambayo maskini waliimudu. Mwaka 1918 ugonjwa ule ukatoweka. Vita ikaisha, meli zikarudi, siagi ikaenda tena Uingereza, na watoto wakaanza kuletwa tena kwa Bloch. Basi watoto wa nchi ile yenye maziwa tele walipofuka kwa sababu maziwa yalikuwa njiani kwenda sokoni. Sisi nasi tumwangalie mama wa kijiji chetu anayeleta mayai yake soko la Bunia apate fedha ya unga wa muhogo. Hatumlaumu, kwa maana unga hushibisha watoto wanne na yai humshibisha nusu mmoja. Lakini hesabu yake ni ile ile ya Denmark.

Mwaka 1913 wataalamu wa Marekani walikuwa wamegundua katika siagi na katika kiini cha yai kitu kinachokuza wanyama, ambacho baadaye kiliitwa vitamini A. Mwili hukiweka akiba katika ini. Ndiyo sababu ini la ng'ombe la Wamisri na ini la samaki la Bloch yalikuwa na nguvu. Akiba ikiisha, mtoto huanza kutoona jioni. Amwita mama yake naye amesimama mbele yake, au ajikwaa kwenye kigoda mahali ambapo wenzake wapita. Halafu ute wa jicho hupotea. Katika weupe wa jicho pengine huonekana doa kama povu la sabuni. Halafu kioo hukauka. Kikifika hapo chaweza kuyeyuka kwa siku moja au mbili, tena mara nyingi macho yote mawili pamoja. Ugonjwa huu hauumizi sana wala hautoi usaha mwingi mwanzoni. Mtoto amenyamaza, amefumba macho, na watu husema amelala.

Sasa twende Tanzania. Karibu na Dodoma iko hospitali ya Mvumi, ya wamisionari wa Kianglikana, na katika miaka ya 1980 alifanya kazi huko mganga wa macho Mwingereza, Allen Foster. Pamoja na Alfred Sommer wa Marekani, aliyekuwa ameuchunguza ugonjwa huu miaka mingi huko Indonesia, waliwaangalia watoto 130 wenye vidonda vya kioo cha jicho. Habari yao, iliyotolewa mwaka 1987, yafaa ijulikane na kila mzazi. Watoto 37 katika kila 100 walikuwa wametoka kuugua surua. Sababu kubwa ya kupofuka macho yote mawili ilikuwa upungufu wa vitamini A. Vidonda vingi vingine vilitokana na kirusi cha malengelenge ya mdomo. Na watoto 17 katika kila 100 walikuwa wameharibiwa na dawa yenyewe iliyotiwa machoni nyumbani, maji ya majani na vitu kama hivyo. Hapo tulimkumbuka Tobiti na waganga wake.

Mwaka ule ule Foster, Sommer na mwenzao Barclay walitoa habari nyingine kutoka Mvumi. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura: 88 walipewa vitamini A kinywani siku mbili mfululizo, 92 wakapata utunzaji wa kawaida tu. Katika kundi la kwanza walikufa 6, katika la pili 12. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili alikufa mmoja katika kundi la kwanza, na 7 katika la pili. Watu walikuwa wakitafuta dawa ya jicho, kumbe wamepata dawa ya uhai! Mwaka 1987 huo huo mashirika ya WHO na UNICEF yalishauri watoto wenye surua wapewe vitamini A mahali palipo na upungufu wake, na mwaka 1990 waganga wa Cape Town wakapata matokeo yenye kukubaliana na yale ya Mvumi.

Mtu aweza kuuliza: kama kioo chahitaji vitamini A, kwa nini isitiwe moja kwa moja jichoni? Swali ni zuri, na lilijaribiwa. Mwaka 1978 Sommer na mwenzake walieleza jinsi walivyowatia watoto wa Indonesia machoni dawa ya jamii ya vitamini A. Iliharakisha kupona kwa kioo, lakini haikuchukua nafasi ya ile ya kinywani. Jicho ni la mwisho kulalamika. Utumbo na mapafu yamekwisha kukauka vile vile, nayo hayana mlango wa kutilia tone.

Hapa kwetu Ituri mambo haya si ya vitabuni. Tangu mwisho wa mwaka 2017 watu wa Djugu walikimbilia Bunia kwa maelfu, wakakaa katika kambi karibu na hospitali kuu na baadaye Kigonze. Aliyekimbia huacha kuku, huacha mbuzi, huacha mwembe na shamba la mboga. Hubaki na unga. Kisha Juni 2019 serikali ya Kongo ikatangaza mlipuko wa surua. Macho ya dunia wakati ule yalikuwa juu ya Ebola, ambayo kutoka Agosti 2018 hadi Juni 2020 iliua watu 2,287 katika Kivu na Ituri. Lakini katika nchi nzima surua ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wadogo. Surua hula akiba ya vitamini A mwilini, humkosesha mtoto hamu ya chakula, tena kirusi chake chenyewe hukikwaruza kioo cha jicho. Mtoto aliyeishi kwa unga mtupu hana akiba ya kumtosha kuvuka.

Ndiyo sababu katika vituo vya afya mganga huchukua kidonge laini chenye mafuta, hukata ncha yake kwa mkasi, na kumkamulia mtoto matone kinywani. Chenye rangi ya buluu, kipimo 100,000, ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 11. Chekundu, kipimo 200,000, ni cha mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano. Hurudiwa kila miezi sita, kwa kuwa ini laweza kutunza akiba ya muda huo. Bei yake ni senti chache za dola. Mama mwenye mimba asimeze kidonge hicho kikubwa, maana chaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Katika vyakula vyetu vitamini hii haikosekani. Imo katika ini, mayai na maziwa. Mbegu yake imo katika lengalenga, sombe, maembe na maboga. Mawese mekundu yatokayo upande wa Mambasa na Beni yana mbegu hiyo kwa wingi, na wekundu wake ndio huo huo. Wapishi wengine huyachemsha mpaka yawe meupe ili yasinuke, wameichoma dawa. Tena sombe iliyopikwa kwa mawese humfaa mtoto kuliko sombe kavu, kwani vitamini hii haisafiri mwilini bila mafuta.

Mtoto mwenye surua au kuhara akianza kufumba macho, au kioo kikipoteza mng'ao wake, apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni jioni. Njiani asitiwe maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala matone ya dukani yenye kortizoni, ambayo huondoa wekundu na kumfurahisha mzazi huku kidonda kikichimba chini yake. Na kama kidonda ni cha kile kirusi cha malengelenge, huzidi kuenea. Kituoni atapewa tone la kinywani mara moja, la pili kesho yake, la tatu baada ya majuma mawili, kwa kipimo cha umri wake. Aliye chini ya miezi 6 hupewa 50,000. Jichoni hutiwa marhamu ya tetrasiklini ili vijidudu visiingie. Jicho hufunikwa bila kubanwa, kwa sababu kioo kilicholainika hutoboka kwa kubonyezwa kidogo tu, na mama huonywa asiruhusu mtoto alisugue.